Mepo ya Kijapani aina ya Sango-kaku: Tathmini ya Mti Unaouzwa kwa Gome Lake

Mwezi Oktoba 2020 nilinunua mche wa mepo ya Kijapani aina ya Sango-kaku katika kitalu kimoja karibu na Portland, Oregon, kwa dola 85, ukiwa na urefu wa mita moja na nusu ndani ya chungu cha plastiki. Mepo ni jamaa ya mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, ila hii ya Kijapani ina umbo dogo zaidi, na wengi huipanda kwa uzuri wa majani. Sango-kaku hupandwa kwa ajili ya gome. Sango kwa Kijapani ni marijani, na aliyeupa mti huo jina hakutia chumvi: asubuhi ya Januari, majani yakiwa yamekwisha kupukutika na mvua imetoka kunyesha, vitawi vyake huwa vyekundu kama marijani ya fedhaluka, na ukisogea utaona macho ya machipukizi yamekaa mawili mawili, yakitazamana, hadi kwenye ncha.

Jambo ambalo kibandiko cha bei hakikulisema ni kwamba wekundu huo ni wa vitawi vichanga tu. Shina likikomaa hugeuka kahawia yenye kijivu, kwa hiyo mti uliofikia mita sita, kimo cha kawaida kwa aina hii, huwa mwekundu juu kileleni, na pale macho yanapofika una gome kama la mti mwingine wowote. Picha iliyotundikwa kitaluni ilikuwa ya mche mchanga. Anayetaka rangi idumu hana budi kupogoa kiasi kila mwaka ili mti utoe vitawi vipya, na hapo ndipo nilipopata funzo langu kwa gharama.

Mwezi Juni 2021 joto la Portland lilifika nyuzi 46.7, na majani ya upande wa magharibi yakaungua kingo. Hilo sikulihesabu kuwa kosa la mti, kwa kuwa mepo hizi hupenda jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, nami nilikuwa nimeupanda pasipofaa. Msiba wa kweli ulikuja Aprili 2022, theluji ilipoanguka ghafla wakati machipukizi yameshafunguka. Baada ya wiki mbili ncha za matawi zilikuwa nyeusi kama zilizopitishwa motoni. Mfanyakazi wa kitalu aliniambia ni baridi tu, niongeze mbolea ya naitrojeni, ushauri ambao ningeufuata ningeuumiza mti zaidi, kwani mbolea hiyo huleta machipukizi laini yasiyostahimili ugonjwa. Dalili hizo ni za bakteria waitwao Pseudomonas syringae, ambao huingia kupitia majeraha wakati wa baridi na unyevu, na Sango-kaku inajulikana kuwa dhaifu mbele yao kuliko mepo nyingi. Nilisubiri Julai, siku za ukavu, nikakata hadi kwenye mti ulio hai huku nikiufuta mkasi kwa spiriti kila baada ya tawi. Tangu hapo sipogoi mti huu wakati wa mvua.

Mche huu umebebeshwa, yaani kitawi cha Sango-kaku kimeunganishwa juu ya shina la mepo ya kawaida. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo ni la shina hilo na halina budi kung'olewa mapema, la sivyo litaumeza mti uliolipia.

Jirani yangu ana Bihou, aina nyingine ya mepo ya Kijapani, ambayo gome lake ni la manjano inayoelekea rangi ya chungwa na ambayo hubaki ndogo. Kwa ua mwembamba ningeichagua hiyo. Mama yangu, aliyeona picha akiwa Tanga, aliuliza kama angeweza kutumiwa mche. Nilimjibu kwamba mti huu huhitaji miezi ya baridi kali ili upumzike, na bila baridi hiyo hata wekundu wenyewe hauji.

Pamoja na yote hayo, nilirudi kununua wa pili. Safari hii nilikwenda Februari, miche ikiwa mitupu bila jani, nikauvuta mmoja kutoka kwenye chungu kuhakikisha mizizi haijajizungusha, nikakagua kila ncha kutafuta weusi, nikachukua mdogo wa dola 60.