Herufi zimekuwa maua ya mapazia yangu: karakana ya silkiskrini hapa Kisumu

Nilitaka kitambaa cha mapazia na foronya za mito ya viti ambacho nakshi yake ni herufi tupu. Leso tumezizoea: ina pindo, ina mji, na jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, tena lazima lisomeke maana ndilo lenye ujumbe. Mimi nilitaka herufi ipumzishwe kazi hiyo, itazamwe kwa umbo lake. Karakana moja ndogo ya silkiskrini, yaani uchapaji wa kusukuma wino kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu, upande wa Kibuye imenifanyia, na naisifu kwa moyo mkunjufu.

Mchoro nilijichorea kwa Inkscape, programu ya bure inayotosha kabisa kwa kazi hii. Kwa mapazia nilichagua Z peke yake, kwa fonti (mtindo wa herufi) ya Futura aliyoibuni Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927. Ni herufi zilizojengwa kwa mistari iliyonyooka na miviringo, hazina madoido. Z ukiilaza ubavu inakuwa N. Zipange safu kwa safu, moja imesimama na nyingine imelala, zigusane ncha, na jicho linasahau kabisa kwamba lilikuwa linasoma: linaona mikunjo ya ukili. Kisha weupe ulio katikati ya herufi nao unaanza kujitokeza kama maumbo ya pembetatu. Hapo ndipo utamu wote ulipo, na fundi alilielewa hilo bila kuelezwa mara mbili. Alipohamisha fremu kuendeleza mchoro, maungio yalikutana sawasawa. Nimeyatafuta kwa kidole, siyaoni.

Kwa mito nilipenda fonti ya Bodoni, ambayo uzuri wake ni unene na wembamba kukaa pamoja katika herufi moja. Fundi akaitazama akatikisa kichwa. "Dada, kwa udogo huu wavu hautashika huu uzi mwembamba, utakatika." Akapendekeza tuikuze a ndogo moja hadi ijaze mto mzima, hata ivuke kingo. Sasa kwenye mto kuna tumbo pana jeusi, mkia uliokatwa na mshono, na lile tone la wino lililo juu ya a, kubwa kama ngumi. Wageni wengine wanaona ndege, wengine wanaona sikio. Naupenda kuliko mapazia.

Wino waliotumia ni wa maji, na ninashauri uuombe kwa kitambaa chochote cha pamba kitakachoguswa, kwa sababu huingia ndani ya nyuzi na nguo inabaki laini. Ule wa plastiki hukaa juu kama ngozi, tena hutaka joto la nyuzi 160 za Selsiasi hivi ndipo ushike vizuri. Mapazia yameshafuliwa, weusi haujachuja.

Fremu moja nililipa shilingi 1,500, kitambaa nikaja nacho mwenyewe. Kasoro yao ni tarehe. Niliahidiwa Ijumaa, nikapata katikati ya wiki iliyofuata, na hakuna aliyenipigia kunijulisha. Ukiwa na shughuli ya siku maalumu, agiza mapema.

Jambo moja zaidi kwa atakayekwenda: kabla ya kupeleka faili, geuza herufi zako ziwe michoro, zisibaki maandishi. Kompyuta yao isipokuwa na fonti yako, itaweka nyingine, na nakshi yote itavurugika.