Nilitaka amplifaya, nikauziwa risiva na dharau juu yake

Nilimweleza muuzaji vizuri kabisa: nina spika mbili za ohm 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na mashine ya santuri, nataka amplifaya. Akaniletea risiva. Nikamuuliza tofauti yake ni nini, akacheka huku macho yake yakiwa kwenye simu. "Ni kitu kilekile, hii imeongezwa redio tu. Kwani wewe mama utasikia tofauti gani?"

Kilekile wapi! Amplifaya inachukua sauti hafifu kutoka kwenye chombo, inaitia nguvu, inaisukuma kwenye spika zako mbili, basi. Risiva ndani yake ina amplifaya hiyohiyo, ila imebanana na tyuna ya redio, na hizi za sinema zimebebeshwa pia matundu ya HDMI na chaneli tano au saba za kusukuma spika, zote zikila pawasaplai moja. Zile wati nene za kwenye boksi mara nyingi hupimwa chaneli chache zikifanya kazi, tena kwa spika za ohm 6 au 8. Spika za ohm 4 zinavuta umeme mwingi zaidi. Muuzaji wa vyombo vya muziki hajui hilo?

Jumamosi moja wageni wamejaa sebuleni, besi ndiyo kwanza inakolea, mara tak! Kimya. Kwenye kioo linawakawaka neno PROTECT, yaani risiva imejizima kujilinda. Nikazima, nikawasha, wimbo haujafika hata kwenye kiitikio, tak! tena. Santuri ndiyo usiseme. Sindano ya kawaida inatoa milivolti chache tu, inahitaji tundu la phono, lile la kuikuza kwanza sauti ya santuri, na risiva hii haina. Nikachomeka palipokuwepo, sauti ikatoka kama mbu kwenye chupa.

Nikairudisha dukani. Muuzaji hata kuiwasha hakuiwasha. "Umezidisha sauti mwenyewe, hapo waranti hamna."

Nimekuja hapa kuipa nyota moja. Lakini haki ya mtu mpe: filamu kwa sauti ya wastani inapendeza, maneno ya waigizaji yanasikika moja moja, na redio inanasa safi. Mwenye runinga na spika za ohm 8 ataifurahia. Tuseme tatu, basi.

Hapana. Nikikikumbuka kile kicheko, mbili nazichukua. Inabaki moja, nayo ni ya redio.