Sura ya nakshi au sura bapa?

Muuza kanga wa Darajani anayetaka programu ya simu ataonyeshwa sura mbili. Ya nakshi ina vitufe vilivyoinuka kwa vivuli na pindo la kanga kuzunguka skrini. Ya bapa ni rangi tupu, herufi kubwa na nafasi ya kutosha. Apple ilikuwa mpenzi wa nakshi, hadi kuchora ngozi na mbao kwenye skrini, mpaka iOS 7 (mfumo wa simu zake za iPhone) ya mwaka 2013 ilipozifagia.

Kizuri chajiuza. Mwaka 1995, nchini Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea pesa. Iliyopendeza ndiyo iliyodhaniwa kuwa rahisi, hata kama urahisi wenyewe ulikuwa mdogo. Hapo ndipo nakshi inaponitia wasiwasi: humvuta mteja, kisha kitufe cha kulipia kinapotelea ndani ya maua, na jua la saa saba mchana halisaidii.

Bapa nayo ina kasoro. Kila kitu kimelala, bibi hajui kipi cha kubonyeza na kipi ni maandishi tu. Tena ni baridi; duka la kanga lafanana na benki (na benki, wallahi, hazihitaji kuigwa).

Mimi ningeweka nakshi kwenye ukurasa wa bidhaa, pindo, mji (sehemu ya katikati ya kanga) na jina (msemo wake) vionekane vizuri, na malipo niyaache bapa, yenye kitufe kimoja kikubwa chenye kivuli.