Koti la Upepo la Bodaboda: Nimelijaribu, Mbavu Zinasimulia

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Nipo Uyole, Mbeya, baridi la Juni mnalijua, hata kioo cha kamera kimeshika ukungu. Hili ni koti la bodaboda: ukianguka, linajaa upepo. Limeshonwa hapahapa Mbeya, mtaa wa Mwanjelwa. Fundi kaniomba nisimtaje jina, na mtaona kwa nini.

Wazo lenyewe si la kucheka. Makoti haya ng'ambo yanauzwa madukani. Kamba inafungwa kwenye pikipiki. Ukirushwa inachomoa pini, kichupa cha gesi kinatobolewa, koti linavimba shingoni na mgongoni kabla hujagusa lami. Fundi wetu kashonea tyubu za pikipiki ndani ya turubai, kaweka vichupa viwili vya kujazia tairi za baiskeli. Mshono hauna kasoro, nampa hongera.

Sasa, kujaribu. Mwaka 1912 fundi cherehani mmoja wa Paris, Franz Reichelt, alishona vazi la parachuti. Aliomba ruhusa akisema atadondosha sanamu kutoka mnara wa Eiffel. Akaruka mwenyewe, mita 57, akafa. Ndiyo maana sisi tumelivisha gunia la viazi.

Ona. Pikipiki inaondoka, gunia linadondoka, pwaa! Limevimba! Tukashangilia. Kumbe gunia limefumuka, viazi vinabingirika hadi mtaroni. Hapo ndipo tungejiuliza. Hatukujiuliza.

Fundi akabadilisha vichupa, nikalivaa nipime saizi tu, nimekaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Mama mwenye viazi akaita, "We kijana, njoo uviokote!" Nikashuka. Kamba nimeisahau.

Uangalieni huo uso wangu. Turubai halivutiki, jamani. Upepo ukikosa pa kwenda nje unaingia ndani, na ndani nipo mimi. Sauti haitoki. Gesi nayo ikitoka kwenye kichupa inakuwa baridi kama barafu, na yote ilinipitia shingoni. Fundi anahangaika na zipu. Mama kaja na kisu cha kumenyea, kachana tyubu. Ndaga fijo, mama, yaani asante sana.

Bei ni shilingi 70,000. Usinunue, bado. Nje kiwekwe kitambaa kinachovutika, na pini ichomoke kwa nguvu ya mtu anayerushwa, siyo ya mtu anayeshuka kununua vocha. Hela hiyo nunua helmeti mbili, yako na ya abiria.

Fundi anasema wiki ijayo analeta jipya. Nimemwambia aje na gunia lake.