TAHADHARI: Mashine ya boti "isiyowahi kuonja chumvi"

Wenzangu mnaotafuta mashine ya boti iliyotumika, kuna muuzaji anauza mashine zilizoungua ndani na kupakwa rangi nje. Jina lake silitaji, ila mbinu yake naieleza yote, maana hata yeye akiacha, mwingine ataiokota.

Nilikuta mashine imeshafungwa kwenye pipa la maji, inang'aa. Akavuta kamba mara moja, ikawaka. Maji yakaruka pembeni, mchirizi mzuri kabisa, naye akaunyooshea kidole: "Unaona? Pampu mpya. Hii ilikuwa ziwani tu, chumvi haijawahi kuionja." Ikanguruma kwenye sailensa, yaani bila kuongezwa moto, kama dakika tatu, akaizima. Nilipoigusa ilikuwa vuguvugu tu. Nikaomba tukaijaribu baharini, akasema boti yake iko kwa fundi. Pale ndipo nilipopaswa kuaga. Nikatoa pesa.

Siku ya kwanza baharini ilienda vizuri nilipotembea polepole. Nikaongeza moto. Baada ya kama dakika kumi nikasikia harufu ya rangi inayoungua, nguvu ikapungua, ikazima, na kamba ikagoma kuvutika. Honi ya joto haikulia hata mara moja. Na maji ya pembeni yalitoka mpaka mwisho, ila ya moto ya kuunguza mkono. Nilirudi kwa kasia.

Nikampigia simu. Akapokea upesi, upole tele, akamtuma "fundi wake". Huyo naye ni sehemu ya mtego. Alibadilisha impela, kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu, nikalipa. Mashine ikachemsha tena. Akasema impela ile ilikuwa feki, akaweka nyingine, nikalipa tena. Ile ya kwanza niliyoikuta kwenye mashine nilikuwa nimeitunza: mapanga yote sita yapo, mpira laini, haujapinda wala kupasuka. Pampu haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Ule mchirizi unakuambia kwamba pampu inasukuma maji, basi. Haukuambii kama maji yamezunguka silinda zote, kwa sababu kwenye mashine nyingi huchepushwa kabla maji hayajamaliza safari yake ndani. (Kinyume chake pia hutokea: mchirizi umekatika, mashine haina tatizo, ni kitundu tu kimeziba chumvi. Zima, kichokonoe kwa waya mwembamba kabla ya kumwita mtu.)

Safari ya tatu nilifungua mwenyewe, nikiwa na jirani anayezijua spana kuliko mimi. Tulianza na kifuniko cha thamostati, kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Bolti moja ikakatika ikiwa bado haijageuka hata robo, na bolti hushikwa hivyo mara nyingi kwa sababu ya chumvi. Ndani hamkuwa na thamostati kabisa! Njia za maji zilikuwa na tabaka jeupe gumu kama chokaa, moja imeziba hata bisibisi nyembamba haipiti. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na mashine isiyosuuzwa kwa maji matamu kila inapotoka kazini hujijengea ukuta taratibu. Vipande vya zinki vya kuzuia kutu vilikuwa vimelika vikabaki mabaki. Ziwani tu, eti.

Kwa nini aliitoa thamostati? Kazi yake ni kufunga njia mpaka maji yafike joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi kati ya nyuzi 48 na 63. Ukiitoa, kwenye pipa mashine hubaki baridi hata kama njia zake ni nusu mfu, kwa sababu sailensa haina joto la kutisha. Mzigo ukija, ile njia nyembamba haitoshi. Honi nayo tukaifuata waya kwa waya: waya wa swichi ya joto ulikatwa, ukafungwa utepe mweusi, ukasukumwa nyuma. Huo si uzembe, mtu alikaa akafikiri.

Tukapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda ya chini 120, ya juu 85. Tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15 ujue kuna kilichokufa, na kwangu ilikuwa gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na silinda) pamoja na ukuta wa silinda uliochubuka. Siki niliyoiloweka usiku kucha iliyeyusha sehemu kubwa ya ule uchafu. Mchubuko haukujali siki.

Kwa hiyo mkienda kuangalia, fikeni mashine ikiwa baridi na kavu. Ukiikuta imeshawashwa, subiri ipoe, hata kama ni nusu siku. Ombeni kifuniko cha thamostati kifunguliwe mbele yenu, mwenye mashine safi hatakataa kufungua bolti chache. Kwenye mashine nyingi zenye swichi ya joto ya waya mmoja, ukiugusisha waya huo kwenye chuma cha injini wakati swichi kuu imewashwa, honi lazima ilie. Halafu nendeni baharini, moto mkubwa, robo saa nzima. Mimi sasa nabeba kipimajoto cha kuelekeza, nakilenga juu ya kila silinda. Moja ikiwa na joto kubwa kuliko mwenzake, najua maji hayafiki.

Fundi wa kuletewa na muuzaji, msimkubali hata kwa bure.

Juzi nimeona tangazo lake jipya. Pipa ni lilelile, rangi mbichi, maji yanaruka pembeni vizuri sana. Picha kumi na mbili, na hakuna hata moja mfuniko wa juu ukiwa umevuliwa.