Nimechomwa neva za figo kwa ajili ya presha sugu: nyota tatu na nusu

Niseme mapema: dawa bado nakunywa. Kama unataka tiba hii ili vidonge uvitupe jalalani, usijisumbue.

Mimi ni mtu wa Tanga, umri miaka 58, nafanya kazi ghalani karibu na Nürnberg, Ujerumani. Presha yangu ilikuwa haishikiki. Vidonge vitano: amlodipini iliyonivimbisha miguu, kandesatani, bisoprololi, ya kukojosha, na spironolaktoni. Hiyo ya mwisho ilinijaza matiti yanayouma kama ya binti anayebalehe, na mke wangu alicheka wiki nzima. Pamoja na yote hayo, mashine ya kuvaa saa 24 ilitoa wastani wa 158 kwa 94.

Kabla ya kunikubali walinichekecha kwelikweli. Damu, kutafuta homoni ya aldosteroni. Kifaa cha kulala nacho, kuona kama pumzi inakatika usingizini. Na mkojo, kuhakikisha vidonge nameza kweli! Hilo liliniudhi, mpaka nikaambiwa wengi wanaodhaniwa wana presha sugu huwa hawamezi dawa zao. Mimi nilinaswa kwa jingine: ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Dada hunibebea kila akija, nami naila na chumvi yake yote nikijisifu kwamba nakula chakula cha asili. Nikaacha. Presha ikashuka kidogo, haikutosha.

Kilichonitisha zaidi ni picha ya jicho. Daktari wa macho alinionyesha ateri ndogo za nyuma ya jicho langu: nyembamba, zinang'aa kama waya wa shaba, na zinapokatiza juu ya veni zinaibana. Akasema, jicho ni dirisha. Mishipa midogo ya figo nayo hupigwa na presha hiyohiyo. Neva za figo zikichachamaa, mishipa hukazwa, figo hung'ang'ania chumvi, presha hupanda. Ikikaa juu miaka, kuta za mishipa hunenepa na njia huzidi kuwa finyu. Tiba hii huzichoma neva hizo ili zitulie. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kuomba tarehe ya kuchomwa.

Kifaa walichotumia ni Symplicity Spyral cha kampuni ya Medtronic. Katheta, yaani mrija mwembamba, inaingilia kinenani, inapanda hadi ateri ya figo, halafu ncha yake inajikunja kama springi ya kalamu. Ina vituo vinne vya kuchomea, kila mchomo sekunde 60. Nilipewa dawa ya kusinzia na ya maumivu, lakini figo ya kushoto niliisikia: kama pasi ya mkaa imebandikwa kiunoni kwa ndani. Hapo nimekata nusu nyota, kwa sababu aliyenisainisha karatasi aliniambia nitahisi joto tu. Kisha saa sita chali. Kila nikitikisa goti, nesi alikuwa mlangoni: "Bwana, mguu!" Yule apewe nyota zake peke yake.

Gharama sina lalamiko. Bima ililipa, mimi nilitoa yuro 10 kwa kila siku ya kulazwa.

Matokeo sasa. Wiki za mwanzo, patupu. Mwezi wa tatu wastani wa saa 24 ukawa 151, mwezi wa sita 146 kwa 86. Spironolaktoni imeondolewa, kifua kimetulia, vidonge vimebaki vinne. Nyota nzima nimeikata kwa daktari aliyenipokea na kuniahidi nitabaki na kidonge kimoja. Angeniambia ukweli ningekubali vilevile. Jaribio la SYMPLICITY HTN-3 la mwaka 2014, lenye watu 535, halikupata tofauti ya maana kati ya waliochomwa na waliofanyiwa maigizo tu, bila kuchomwa. Kifaa hiki kipya kwenye jaribio la 2020, kwa watu wasiokunywa dawa, kilishusha namba ya juu ya presha ya saa 24 kwa takriban 4 zaidi ya maigizo. Marekani walikiruhusu Novemba 2023. Nne si nyingi, lakini mwenye mishipa kama yangu haidharau.

Juzi nimepigwa picha ya jicho tena. Waya za shaba zipo palepale, ila hakuna doa jipya la damu. Nimepewa tarehe nyingine mwakani, na dada ameshauliza kama alete ng'onda. Nimemwambia alete bizari.