Tathmini ya huduma ya kuchora na kupaua baraza

Kilichoniridhisha zaidi katika huduma ya kampuni hii ndogo ya ujenzi ya hapa Dar es Salaam ni mchoro, ambao walitutoza shilingi 150,000 kabla ya kununua hata ubao mmoja. Ukingo wa paa la nyumba yetu uko mita 2.7 kutoka sakafuni, na baraza tulilolihitaji linatokeza mita 2.4 zaidi ya hapo. Fundi niliyemuuliza awali alitaka kuendeleza mteremko uleule wa nyuzi 20, jambo ambalo lingeushusha ukingo mpya kwa karibu sentimita 87, kiasi kwamba mgeni mrefu angelazimika kuinama kabla ya kubisha hodi. Mchoraji wa kampuni alichagua nyuzi 10, na ukingo umebaki juu ya mita 2.2. Wazo langu la paa la pande mbili alilikataa kwa adabu: alinionyesha mwembe wa jirani, akaeleza kwamba majani yangejazana kwenye mabonde ambako paa jipya lingekutana na la zamani. Sikuwa na la kumjibu.

Kwenye maungio walifanya kazi ya ustadi. Badala ya kuzigongomea mbao mpya kwenye ubao wa ukingoni, kama nionavyo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu, waling'oa safu ya chini ya misumari, wakaliinua kidogo bati la zamani, wakafunga mbao za inchi 2 kwa 6 ubavuni mwa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kisha wakaingiza bati jipya chini ya lile la zamani kwa sentimita 30, kwa kuwa katika mteremko mdogo upepo huweza kuyasukuma maji yakarudi juu. Kipande cha bati letu walikwenda nacho dukani ili migongo ilaliane. Nguzo nazo zimefungwa kwa nondo hadi kwenye msingi, kwani paa la baraza lililo wazi hunyanyuliwa na upepo kutoka chini.

Gata ndilo lililowashinda. Paa kuu humwaga juu ya baraza maji ya takriban mita za mraba 20, na baraza lenyewe lina 10. Mvua ya milimita 25 ndani ya dakika kumi ni lita 750, nao waliweka gata la inchi 4 lenye bomba moja la inchi 2, kana kwamba baraza linanyeshewa peke yake. Mvua kubwa ya Aprili ilifurika ikaacha dimbwi mlangoni. Walirudi baada ya kupigiwa simu mara mbili, wakaongeza bomba la inchi 3, ila gharama ya vifaa niliilipa mimi, na hilo sijalikubali hadi leo, kwani kosa lilikuwa la hesabu zao. Tangu hapo dari haijapata doa, ingawa bati jipya jekundu na lile la zamani lililopauka bado havijazoeana.